Matanga ya Kampuni

Jumanne, saa tatu na robo, nikaita kama nilivyoita
mara kumi na tisa: Ngoie Serafina na wenzake
dhidi ya Kampuni. Sauti ikagonga dari la mabati,
ikarudi. Wanawake wanane wakasimama,
vitambaa vya kichwa vimekazwa kama siku ya komunyo,
na upande wa pili Metre Kapend, peke yake,
akafunga kifungo cha joho, akasema:

"Mheshimiwa, mteja wangu hayupo tena.
Hati yake ilikuwa ya miaka thelathini.
Imekwisha Jumamosi, usiku wa manane.
Asiyekuwapo hashitakiwi."

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika, si kushangaa.
Nikaandika: hayupo.
Serafina hakungoja ruhusa:
"Kama hayupo, wewe nani amekutuma?"

Hata jaji alitazama dirishani,
kule mijakaranda inakomwaga zambarau yake
juu ya magari ya wakubwa.

Nalijua jalada lile kwa uzito wake.
Kamba ya katani, kona moja imeliwa na panya.
Ndani mna picha ya lengalenga zilizoungua bondeni,
majani meupe kama karatasi;
mna chupa ya maji ya mfereji, kizibo kimelika;
mna cheti cha daktari wa Katuba: ngozi ya mtoto,
miguu yote miwili.
Mna kila kitu. Mshitakiwa tu ndiye hamna.

Kwetu mtu akifa, kabla udongo haujafunika sanduku,
ndugu mmoja hupanda juu ya fungu, hupaza sauti:
anayemdai marehemu aje kwetu, sisi ndio jamaa zake.
Deni haliingii kaburini. Linabaki huku juu
likizunguka nyumba kwa nyumba, likiuliza mrithi.
Nani alipanda juu ya fungu Jumamosi ile?
Nani alinyoa nywele?

Jaji akasema sheria haijakosa macho:
ipo pumzi ndogo baada ya kifo,
muda anaopewa maiti wa kulipa na kulipwa,
na yupo mtu aitwaye mfilisi. Atafutwe.
Nikaandika: atafutwe.
Kwa anwani gani, sikuambiwa.

Jioni, nikipita njia ya Kipushi kwa baiskeli,
nikaona viti vya plastiki getini kwa Kampuni,
vya bluu, vya kukodi, faranga mia tano kimoja,
moto wa makala, sufuria ya bukari,
na wale wanane mkekani, miguu wameinyoosha
kama wakaavyo wafiwa.
Kibao kilikuwa kimeng'olewa;
matundu manne ya skrubu yakitazama barabara.
Ndani ya ua mtu alikuwa akipaka lori rangi ya kijani.
Lori lilelile. Nambari mpya.

"Tumekuja matanga," Serafina akaniambia.
"Wenye maiti wakitoka, tutawapa pole.
Kisha tutawapa hesabu."

Usiku wa kwanza hakutoka mtu.
Wa pili, mbwa.
Wa tatu, vumbi limetua na jogoo wa Ruashi
wamekwisha kukosana nani aanze,
geti likalia. Akatoka Kalumba, mlinzi,
koti la marehemu bado mwilini,
tochi isiyo na betri. Akavuta kiti,
akakitazama, akakirudisha, akakaa chini.

"Wewe ni jamaa yake?"
"Miezi saba hajanilipa."

Wakasogea. Mtu akamkatia bukari,
ya pembeni, iliyoshika moto.

Asubuhi nilifika masjala kabla ya mfagizi.
Nikafungua kamba. Hakuna aliyeniamuru.
Kwenye safu ya wadai, chini ya majina manane,
nikaandika la tisa,
na safari hii kalamu haikukwama.